Kazi na Jina: Kumsoma Upya Mwalimu Majisifu katika Kidagaa Kimemwozea

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya 102/3, sote twajua kwamba swali la uwajibikaji kazini halikauki katika mitihani ya fasihi. Litatungwa kuhusu riwaya mwaka huu, kuhusu tamthilia mwaka ujao, na kuhusu hadithi fupi mwaka utakaofuata. Mtahiniwa akiliona huchangamka, kwa maana anadhani jibu lake limekwisha kupikwa, kazi ni kupakua tu. Akiulizwa kuhusu Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, huandika: Majisifu ni mlevi. Majisifu haingii darasani. Wauguzi ni wazembe. Mtemi ni fisadi. Anahesabu hoja zake, anaona zimetosha alama 20, anafunga swali na kwenda kwa lingine.

Sisemi kwamba hoja hizo ni za uongo. Zimo riwayani na mtahini atazituza. Ninalodai ni kwamba orodha ya aina hiyo inaweza kuandikwa na mtu ambaye hakuisoma riwaya yenyewe, aliyesoma mwongozo wa kurasa chache usiku wa kuamkia mtihani. Tena inatuacha sisi walimu mahali pa starehe sana. Majisifu amekuwa kichekesho chetu. Tunamwigiza mbele ya darasa akiyumbayumba, wanafunzi wanacheka, kengele inalia, tunatoka. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, na ndiyo sababu naandika makala haya.

Riwaya hii ilichapishwa mwaka wa 2012, ikatahiniwa katika shule zetu kwa miaka kadhaa, na sasa haimo tena katika orodha ya vitabu teule. Hata hivyo, nakala zake bado zimejaa kwenye makabati ya idara zetu, na kwa maoni yangu hakuna kazi inayofaa zaidi kusomwa sambamba na kitabu chochote kinachotahiniwa iwapo mada ni kazi na maana yake kwa binadamu. Kwa hiyo tuirudie kwa utulivu, sasa kwa kuwa hakuna anayetukimbiza na mtihani wake.

Mwalimu Majisifu ni nani? Ni ndugu yake Mtemi Nasaba Bora, mume wa Dora, mwalimu na mwandishi anayesifika. Sifa yake kubwa inatokana na riwaya iliyotoka kwa jina lake, ambayo mwandishi wake halisi ni Amani, kijana anayechunga ng'ombe wa Mtemi. Mswada wa Amani uliishia mikononi mwa Majisifu, nao ukawa kitabu cha Majisifu. Hata anwani ya kitabu hicho kilichoibwa ni ileile ya riwaya tunayoishika mkononi. Wahakiki wengi hulitaja jambo hili kama ujanja wa kimtindo na kupita. Mimi naliona kuwa ndiyo roho ya suala zima la kazi katika riwaya.

Tazama hivi. Mtu aliyeiba mswada alitaka nini? Hakutaka kuandika. Kuandika ni kukaa na karatasi peke yako, kufuta, kurudia, kukata tamaa na kuanza upya. Majisifu alitaka kitu kinachokuja baada ya hayo yote, yaani jina. Alitaka kuitwa mwandishi bila kuwa na kazi ya mwandishi. Na ukishalitambua hilo kwenye kitabu, utalitambua pia darasani. Anapenda kuitwa Mwalimu, cheo kimeshikamana na jina lake kama ngozi na mwili, lakini kufundisha kwenyewe kunamchosha. Pombe, basi, si chanzo cha tatizo lake. Ni mahali anapokimbilia mtu ambaye jina lake limekuwa kubwa kuliko kazi yake, na anajua. Anapoalikwa chuo kikuu nchini Wangwani akatoe mhadhara, aibu inayompata huko haitokani na ulevi. Inatokana na ukweli kwamba watu walimwalika mwandishi, akaenda aliyelivaa jina la mwandishi.

Hapa ndipo mbinu ya majazi inapofaa kufundishwa kwa uzito wake. Watahiniwa wetu hupenda kuandika kwamba Majisifu ni jina la majazi kwa kuwa mhusika anajisifu, na wakishasema hivyo hawaendelei. Endelea! Uliza kujisifu kunaharibu nini. Mtemi Nasaba Bora naye anapenda jina lake lionekane kila mahali, hata kwenye taasisi za umma ambazo hakuzijenga kwa jasho lake. Ndugu hawa wawili wana ugonjwa mmoja. Mmoja ameugua katika utawala na mwingine katika elimu. Wote wawili wanaiangalia kazi kama ukuta wa kubandikia jina.

Sasa vuka ua uone upande wa pili. Nani katika nyumba ya Majisifu anafanya kazi? Ni Imani. Msichana huyu aliyefiwa na kudhulumiwa, ambaye nyumba yao iliteketezwa, anaingia katika nyumba ya Majisifu kuwa mtumishi. Anawakuta watoto wenye ulemavu ambao baba yao mwenyewe anawaonea haya. Imani anawapenda, anawalisha, anawaosha, anakaa nao kama watu. Hakuna anayemtazama, hakuna cheti anachosubiri, wala hakuna jina atakalopata kwa kazi hiyo. Lakini watoto wale wanaishi siku tofauti kwa sababu yeye yupo.

Nimesahihisha majibu mengi kuhusu riwaya hii, na karibu kila mara Imani huwekwa chini ya hoja ya ukarimu, upendo au utu. Ni mara chache mno nimemwona akiwekwa chini ya uwajibikaji kazini. Kwa nini? Jibu langu ni kwamba sisi na wanafunzi wetu hatuhesabu kazi ya nyumbani kuwa kazi. Tukisikia neno taaluma tunafikiria koti jeupe, joho, tai na faili. Mwalimu anayefundisha riwaya hii na kumwacha Imani nje ya mada ya kazi amekubaliana na Majisifu bila kujua, kwa maana amekubali kwamba cheo ndicho kazi. Afadhali mtahiniwa aandike aya moja tu akilinganisha mwenye nyumba aliye na elimu na mtumishi anayewalea watoto wake, kuliko kuandika sentensi kumi zenye neno uzembe.

Amani naye ni hivyo hivyo. Ni kijana aliyewahi kusoma chuo kikuu, akafungwa kwa kusingiziwa, na sasa anachunga ng'ombe wa mtu aliyeidhulumu jamaa yake. Anazo sababu zote za kuichukia kazi hiyo na kuifanya kwa mkono wa kushoto. Hafanyi hivyo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba Amani anafanya bidii ili asishukiwe, kwa kuwa ana lengo lake la kutafuta ukweli kuhusu yaliyoipata familia yake. Ni hoja nzuri na nilimpa alama. Lakini inaeleza uchungaji peke yake, haielezi mtoto.

Mtoto ninayemtaja ni yule aliyeachwa mlangoni pa kibanda cha Amani, wakamwita Uhuru. Si wake, si wa Imani, na kumpokea kunawatia vijana hawa katika hatari na uvumi. Wanamlea. Anapougua wanamkimbiza kwa wauguzi, ambao hawana haraka naye. Mtoto anakufa. Kisha, kwa kejeli chungu ambayo Walibora aliimudu vyema, wanaokamatwa kwa kifo hicho ni wale wawili waliojaribu kumwokoa.

Tukio hili ndilo ninalowashauri walimu wenzangu waanzie wakifundisha mada ya kazi, badala ya kuanza na chupa ya Majisifu. Linatupa kipimo. Mbele ya kila mwenye kazi katika Sokomoko kuna mtu aliyesimama mlangoni akiomba kitu. Kwa wauguzi, ni Uhuru. Kwa Majisifu, ni wanafunzi waliokaa darasani wakisubiri. Kwa Mtemi, ni wenye mashamba ambao ardhi yao imechukuliwa kwa hati za uongo. Kwa Amani, ni mtoto asiyejulikana wazazi wake. Riwaya haimhukumu mhusika kwa namna anavyoipenda kazi yake, wala kwa elimu aliyo nayo. Inamhukumu kwa yale yaliyompata aliyekuwa mlangoni. Mtahiniwa akikishika kipimo hiki, hahitaji kukariri orodha. Atafungua ukurasa wowote akilini na kuuliza nani alibisha hodi, na nani aliitika.

Hata hivyo, ningekuwa mhakiki wa upande mmoja iwapo ningesema kwamba Walibora alilimaliza suala hili. Wauguzi wake, kwa maoni yangu, ni wahusika wembamba. Tunawaona wakikosea, hatuwaoni wakiwa watu. Je, walikuwa na dawa? Walilipwa? Walikuwa wangapi zamu ile? Riwaya haisumbuki na maswali hayo, na msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba maovu ya huduma za afya yanatokana na roho mbaya za watu wachache wenye sare. Mwalimu anayeijua hali ya vituo vyetu vya umma atasita kidogo hapo.

Ndiyo maana nilifurahi kwamba katika miaka ileile riwaya hii ilisomwa pamoja na tamthilia ya Timothy Arege, Mstahiki Meya, iliyotoka mwaka wa 2009. Humo yumo Siki, daktari katika zahanati ya Baraza la Cheneo. Siki anaijua kazi yake na anataka kuifanya, ila dawa hazipo. Mgonjwa aliyesimama mlangoni kwake anaondoka bila tiba kama yule wa Sokomoko, lakini kosa si la aliye ndani ya zahanati. Basi Siki anafanya jambo ambalo wauguzi wa Walibora hawalifikirii. Anatoka zahanatini na kumwendea Meya mwenyewe kumweleza hali ilivyo. Anaegemea upande wa wafanyakazi wanaodai haki yao. Kwake, kazi ya daktari haiishii kwenye kitanda cha mgonjwa. Inafika hadi kwenye ofisi inayoamua kama dawa zitanunuliwa au fedha zitatumika kuwapokea wageni.

Kazi hizi mbili zikiwekwa pamoja, ndipo suala linapokuwa gumu kama maisha yenyewe. Kuna mtu anayeiacha kazi kwa sababu hajali, na kuna mtu anayesimamisha kazi kwa sababu anajali. Kwa aliye mlangoni, siku ile, wote wawili hawapo.

Nililifahamu hili kwa njia isiyonipendeza. Septemba 2015 walimu wa shule za umma waligoma kwa takriban wiki tano. Nilikuwa mgeni katika kazi, nikiwa na kidato cha nne kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimewafundisha Majisifu kwa mbwembwe zote nilizozieleza hapo awali. Mgomo ulipokwisha nikarudi darasani muhula umeliwa, mtihani umekaribia. Nikaandika ubaoni mada ya marudio, kama kawaida: uwajibikaji. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mpole ambaye kwa kawaida haulizi, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Mlipokuwa nje, mlikuwa Majisifu au mlikuwa Siki?"

Darasa halikucheka. Nilijibu kwamba tulikuwa Siki, na nikaanza kueleza kuhusu haki za mfanyakazi, hatua za kisheria, na mishahara. Yote niliyosema yalikuwa kweli na leo ningeyasema tena. Lakini nilimwona anaandika huku midomo imefungwa, na nikajua kwamba jibu langu lilikuwa nusu. Siki tunamwamini kwa sababu tulimwona zahanatini kabla hajaenda kwa Meya. Tulimwona akihangaika na mgonjwa. Je, mwanafunzi yule alikuwa ameniona mimi nikihangaika naye, kabla ya Septemba? Ama alikuwa amemwona mtu anayemwigiza mlevi ili vipindi vipite?

Sitaki msomaji adhani kwamba riwaya inamwambia mfanyakazi avumilie tu. Walibora alitupa wahusika wawili wa kuzuia fikira hiyo, nao ni Chwechwe Makweche na Matuko Weye. Chwechwe alilichezea taifa soka, akaumia, akasahaulika. Matuko alipigana vita vya wengine, akarudi na akili iliyovunjika, na anaposema ukweli hadharani anatiwa ndani. Hawa walijitolea kikamilifu. Hakuna aliyewaambia ahsante. Mtahiniwa anayeandika kwamba ujumbe wa riwaya ni kuwa anayefanya kazi kwa bidii hutuzwa, ameisoma riwaya nyingine. Katika Tomoko bidii haituzwi, na mwandishi hatufichi. Swali analotuachia ni zito zaidi: utaifanyaje kazi yako ukijua kwamba huenda ukaishia kama Chwechwe?

Madhubuti anatoa jibu lake, nalo linastahili kutajwa ingawa kwa ufupi. Kijana huyu, mwanawe Mtemi, anarudi kutoka masomoni Urusi na kukuta baba amekwisha kumpangia nafasi. Anaikataa, kwa kuwa nafasi hiyo haikutokana na uwezo wake. Wanafunzi wangu humwona mjinga, hasa siku hizi ambapo ndugu zao wenye shahada wanakaa nyumbani. Siwalaumu. Nami nimewahi kuwauliza swali la uchokozi: kama Madhubuti angeikubali nafasi hiyo na kuifanya vizuri, kungekuwa na ubaya gani? Mjadala huo haujawahi kumalizika ndani ya kipindi kimoja, na wala sijawahi kuusuluhisha. Ninachowaonyesha ni kwamba kazi ya kupewa na baba ingekuwa tena kazi ya jina, lile lile la Nasaba Bora, na kwamba Madhubuti anachagua kwanza kutokuwa na jina hilo.

Turudi kwa Majisifu, maana hatukummaliza. Mhusika huyu hafi na aibu yake. Anafikia mahali pa kukiri kwamba mswada haukuwa wake. Watahiniwa hukitaja kitendo hiki kama thibitisho la mhusika kubadilika, yaani mhusika duara, na ni sahihi. Lakini angalia anachokitoa. Hatoi pombe wala fedha. Anatoa jina. Anakirudisha kile kitu kimoja ambacho alikitaka kuliko kazi. Kwa hiyo, badiliko lake lina mantiki inayofungamana na kosa lake, na hapa Walibora aliandika kwa uangalifu ambao hakuwapa wauguzi. Huenda ni kwa sababu aliwajua walimu na waandishi kwa ndani. Yeye mwenyewe alifundisha, akatangaza habari kwenye televisheni, akawa mhadhiri, na aliandika vitabu hadi alipofariki Nairobi Aprili 2020. Anayemcheka Majisifu kwa mbali hawezi kumpa njia ya kurudi. Anayemjua humpa.

Kwa walimu wanaotaka zoezi la kufanyia kazi haya yote, hili hapa, nililolijaribu miaka iliyofuata. Riwaya inatuambia habari za darasa la Majisifu lakini haituingizi sana ndani yake tukakaa na wanafunzi. Waambie wanafunzi wako waandike ukurasa mmoja kama mwanafunzi wa Majisifu, siku moja tu, bila kutumia neno mlevi wala neno zembe. Wataanza kwa kulalamika kwamba hawana la kusema. Wape dakika arobaini.

Nilipozikusanya insha hizo mara ya kwanza, nyingi zilieleza kiti kitupu cha mwalimu, chaki isiyoguswa, na kiranja akipiga kelele. Moja ilikuwa tofauti. Mvulana aliandika kwamba siku mbaya kabisa haikuwa ile ambayo Mwalimu Majisifu hakuja. Siku hiyo walisoma wenyewe, wakasaidiana. Siku mbaya ilikuwa ile aliyokuja akiwa mzima, amevaa vizuri, akasimama mbele yao kipindi kizima akiwaeleza habari za kitabu chake, na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza swali.

Niliisoma insha hiyo usiku, nikaipa alama 18, kisha nikafungua maandalio ya somo langu la asubuhi na kuyafuta nusu nzima ya kwanza.